Mvua imerudi wakuu, ila msimu wa kwanza baada ya ukame una hatari kuliko ukame wenyewe

JembeButu:

Wakuu habari za muda huu. Nje inanyesha, shambani hakuingiliki, kwa hiyo acha nitoe kitu kimenikaa rohoni muda mrefu. Uzi utakuwa mrefu, asiyependa kusoma apite tu hamna ugomvi.

Misimu mitatu shamba letu lilikuwa sakafu. Siongezi chumvi, ulikuwa ukitembea unasikia kisigino kinagonga, na nyufa zilifika mahali mtoto anaweza kupoteza kiatu. Sasa ile siku mvua ya kwanza imepiga kila mtu alitoka nje, hata waliokuwa wanaumwa walitoka, watu wamesimama wanalowa hakuna anayeongea, na ile harufu ya udongo mnaijua wenyewe. (Kwa faida ya wasiojua, ile harufu ina wenyewe. Kuna bakteria wa udongoni jamii ya Streptomyces wanatengeneza kitu kinaitwa jeosmini, tone likipiga vumbi kinarushwa hewani ndo kinakufikia puani. Watafiti wawili wa Australia, Bear na Thomas, mwaka 1964 waliipa harufu ya mvua ya kwanza jina lake kabisa, petrichor. Mimi nikiisikia naichukulia kama salamu, maana yake kule chini wapo waliobaki.)

Tatizo ni kilichofuata. Kesho yake niliamka bado giza nikachukua mbegu YOTE, naomba mnielewe hapo, yote, mpaka ile ya akiba ambayo mama alikuwa kaificha nisiione, nikaingia nayo shambani. Siku ya sita miche imetoka, kijani kitupu, nikapiga picha nikasambaza. Baada ya hapo siku ishirini na mbili hamna tone. Miche ikawa inajikunja mchana inajikunjua usiku, inajikunja, inajikunjua, mpaka siku moja haikujikunjua tena. Mvua ya kweli ilipokuja mimi nimekaa mlangoni naiangalia tu, sina hata punje ya kuipokelea.

Kwa hiyo nasema hivi na ntasimamia hapo. Ukame ulininyang'anya mavuno lakini mbegu nilijinyang'anya mwenyewe. Miaka mitatu tulikuwa wavumilivu kama mawe halafu tone la kwanza tu likatuvua uvumilivu wote.

Baadae ndo nikaanza kuuliza uliza na kujifunza. Kumbe udongo uliokaa uchi muda mrefu haupokei maji kirahisi hivyo. Matone yanapondaponda madonge, chembe laini zinaingia kwenye vitundu zinaziba, linatokea gamba juu, maji yanateleza yanaondoka na kile kidogo cha rutuba kilichobaki. Unaona mtaro umejaa maji mekundu unafurahi kwamba mvua imenyesha kweli, kumbe ndo shamba lako linasafiri hilo. Siku hizi mimi siangalii mawingu, nachukua jembe nachimba. Nikikuta unyevu umeshuka vidole viwili narudi ndani. Ukifika sentimita 15 au 20 na ukiufinya udongo unashikana, hapo tunaongea.

Nataka tujadili, nyie wenzangu mmerudishaje mashamba yenu? Sio mvua ilirudishaje, NYIE mlirudishaje.

shamba_la_bibi:

Mkuu umeandika vizuri sana ila nina swali moja dogo, wewe una deni?

Maana huu ushauri wa subiri, chimba, angalia unyevu, ni mtamu ukiwa na chakula ndani. Mimi nimekopa kununua mbegu, mwenye hela yake anapita kila wiki anasalimia kwa upole ule unaoujua, watoto wananiangalia. Mvua ikipiga mimi napanda. Nikikosea nimekosea lakini nikichelewa pia nimekosea, sasa bora nikosee nikiwa nafanya kitu.

JembeButu:

Deni ninalo, tena lile la ile mbegu iliyokufa ndo bado nalilipa. Ila nimekuelewa, sina jibu la haraka. Ngoja wengine waje.

BwanaShambaMstaafu:

Nimesoma kwa utulivu. JembeButu una hoja lakini umeielemeza upande mmoja, acha niweke na upande wa pili hata kama sikubaliani sana na mwenye haraka.

Kuna mtafiti anaitwa Birch, alikuwa kituo cha Muguga kule Kenya, mwaka 1958 alichapisha kazi ambayo mpaka leo dunia nzima inaitaja kwa jina lake. Alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa ghafla, vijidudu vilivyobaki hai vinaamka na njaa, vinashambulia mabaki ya mimea na hata maiti za wenzao waliokufa kwa ukavu, na katika siku chache tu naitrojeni nyingi inaachiwa kwa mpigo. Ndiyo maana mmea uliowahi mvua ya kwanza unakuwa na kijani kile cha kutisha, bila mbolea ya mtu yeyote. Wazee walikuwa wanasema mvua ya kwanza ina mbolea ndani yake, na tuliosoma tukawacheka. Walikuwa sahihi, ila mbolea haikutoka juu, ilikuwa imelala chini.

Sasa ile naitrojeni usipokuwa na mzizi wa kuidaka, mvua ya pili na ya tatu inaizamisha chini isikofikiwa. Kwa hiyo anayesubiri sana naye anapoteza. Nilichokuwa nawaambia wakulima enzi zangu ni wagawe. Sehemu ndogo panda mapema kitu kisichokuumiza kikifa, mbegu yako mwenyewe ya kunde au choroko, hizo zinavumilia na zinakomaa ndani ya siku sitini sabini. Mbegu ya kununua na ya mkopo iweke mpaka udongo ulowe kweli. Shamba_la_bibi hiyo ingekufaa zaidi kuliko kusubiri kote au kurusha kote.

Na kabla ya yote pima mbegu zako. Hesabu punje mia, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya wiki hesabu zilizoota. Mbegu iliyokaa kwenye joto miaka miwili mitatu ya ukame kwa macho inaonekana nzima kabisa kumbe nusu yake ni maiti. Nimeona watu wanalaumu mvua, wanalaumu majirani, hadi ndugu wanagombana, kumbe mbegu ilikufa ikiwa ndani ya gunia.

shamba_la_bibi:

Hii ya kugawa inaingia akilini mzee wangu. Shikamoo.

BwanaShambaMstaafu:

Marahaba. Kapime mbegu kwanza.

mfugaji wa usiku:

Nyie wa mazao mnalia mbegu, njooni upande wetu mlie vizuri.

Sisi ukame ulichukua nusu ya kundi. Tukasema waliobaki wamepona, mvua hiyo. Wiki ya kwanza ya mvua tukapoteza wengine saba. Saba wakuu, kwenye mvua! Mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumpa joto, akinyeshewa usiku kucha na upepo asubuhi unamkuta kalala kwa upande. Hakuna ugonjwa hapo, ni baridi tu. Walionusurika na baridi wakaenda kwenye majani mapya, yale majani ni maji matupu, tumbo limezoea mabua makavu miezi mingi linashtuka, wakaharisha mpaka macho yakazama.

Sasa kubwa kuliko yote, na hii naomba muisambaze. MACHIPUKIZI YA MTAMA. Mtama uliodumazwa na ukame ukipata mvua unatoa vichipukizi laini vizuri sana, ng'ombe wanavikimbilia kama wameitwa. Vile vina kitu kinachogeuka sianidi tumboni. Mnyama anaweza kuanguka dakika chache tu, anahema juu juu, anatetemeka, kwisha. Mzee wangu alikuwa anasema "shamba lina jicho", mimi nikawa naamini ni uchawi wa jirani mpaka daktari wa mifugo aliponielekeza. Acha machipukizi yapite goti, wataalamu wanasema yafike kama sentimita 60 kabla hujaingiza mnyama, na usiingize mnyama mwenye njaa, mpe majani makavu kwanza. Ukikata ukakausha vizuri ile sumu ya sianidi inapungua. Ila kuna nyingine, ya naitreti, inajikusanya kwenye mashina ya mahindi na mtama uliokwama na ukame, hiyo hata ukikausha haiondoki.

Na malisho yenyewe jamani. Jani la kwanza kutoka baada ya ukame halikutengenezwa na mvua peke yake, limetengenezwa na akiba iliyokuwa mzizini. Ni kama mtu kavunja kibubu chake cha mwisho kukununulia zawadi. Wewe unakuja na mdomo wa mbuzi unaila, unategemea atoe tena atoe wapi? Mzizi unakufa, mwaka unaofuata panaota miiba tu halafu tunasema ardhi imelaaniwa.

JembeButu:

Hapo kwenye kibubu nimekaa kimya dakika mbili. Pole kwa hao saba.

dada_mboji:

Mie naomba niongelee visiki maana naona mmevisahau na ndo matumaini yangu yote yalipo.

Shamba nililorithi watu walikuwa wanalisikitikia, hamna mti hata mmoja, jua likitoka halina pa kugonga ila utosi wako. Kila mwaka tulikuwa tunafyeka vichaka vidogo vidogo vinavyosumbua jembe, tunachoma. Miaka yote hiyo! Kumbe vile sio vichaka, ni MITI. Ni visiki vya miti iliyokatwa zamani, mizizi bado mizima ipo chini imefika kwenye unyevu ambao mahindi hayatakaa yauone, kila mwaka vinajitahidi kutoka na kila mwaka tunavikata shingo.

Hii kitu ina historia. Kuna Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo alikuwa Niger, upande wa Maradi, anapanda miche kwa maelfu na karibu yote inakufa. Mwaka 1983 akasimamisha gari njiani apunguze upepo kwenye matairi ili lipite kwenye mchanga, akaangalia kichaka kimoja pembeni akakiinamia, akagundua majani yale ni ya mti, unachipua kutoka kwenye kisiki. Akaona msitu aliokuwa anautafuta upo tayari, upo chini ya miguu yake. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi badala ya kuyakata, na mpaka leo Niger inatajwa kuwa na zaidi ya hekta milioni 5 zilizorudi kwa njia hiyo. Kwa Kiswahili tunaita kisiki hai, jina zuri kuliko hata lile la kitaalamu.

Namna ya kufanya haina gharama. Kisiki kinaweza kutoa machipukizi kumi na tano yanagombaniana, unachagua matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye afya, mengine unakata, matawi ya pembeni unapunguzia mpaka kama nusu ya urefu, unafunga kitambaa ili mwenye mbuzi na mwenye panga wajue huyu ana mwenyewe. Matawi uliyokata unayatandaza chini. Mwaka wa pili una kivuli, mwaka wa tatu una kuni na upepo umepunguzwa kasi. Kama eneo lako lina ile migunga ya Faidherbia umepata bahati, ule mti una akili za kinyume, unapukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kwa hiyo mazao hayafunikwi jua na majani yake yanageuka mbolea wakati unaohitaji.

kichwa ngumu:

Dada hapo kwenye kutandaza matawi na majani, mchwa unawaweka wapi? Mimi kila nikiweka matandazo wiki mbili naikuta vumbi. Hizi elimu za semina zinasahau mchwa.

dada_mboji:

Mchwa akila matandazo hajakuibia, kahamisha tu kutoka juu kwenda chini, na kila anapopita anaacha tundu la maji kuingia. Shida ni pale ambapo ulichomwekea ni kidogo akimaliza anageukia mahindi. Weka na vijiti vigumu, sio majani laini peke yake.

Na unamjua Yacouba Sawadogo wewe? Mkulima wa Burkina Faso, kafariki Desemba 2023. Miaka ya themanini mwanzoni, ukame umewakimbiza watu, yeye akawa anachimba mashimo kwenye ardhi ngumu KIANGAZI, jua kali, watu wakasema kachanganyikiwa. Yale mashimo wenyewe wanaita zaï, upana kama sentimita 20 mpaka 40, kina 10 mpaka 20, ndani anaweka samadi na majani. Samadi inamwita mchwa, mchwa anatoboa chini, mvua ikija maji yanajaa shimoni yanazama kupitia njia za mchwa. Alimwajiri mchwa bila mshahara! Kwenye samadi kulikuwa na mbegu za miti pia zikaota, mwisho pale palipokuwa jangwa pakawa msitu. Mwaka 2018 yeye na huyo Rinaudo wote wawili walipewa tuzo ya Right Livelihood.

kichwa ngumu:

Sawa kwa Sawadogo nanyoosha mikono. Ila msiwadanganye watu kwamba ni rahisi, hekta moja ni mashimo elfu kumi na kuendelea, mgongo wa nani?

dada_mboji:

Hakuna aliyesema rahisi. Anza na mashimo ishirini nyuma ya nyumba.

BwanaShambaMstaafu:

Nyongeza fupi kwenye maji. Msisahau fanya juu. Unachimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa, na udongo unaurusha upande wa juu, miaka inavyokwenda mteremko unajipanga wenyewe kuwa ngazi. Vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza vinaandika hivyo hivyo "fanya juu", hawajalitafsiri. Machakos ile ya Kenya ambayo wakoloni waliiandikia kwamba imekwisha, inateremka na maji, ndiyo ikaja kuwa mfano wa dunia kwa ngazi hizo, na watu walikuwa wameongezeka sio wamepungua.

Na hata hao wakubwa ilibidi waje huku huku. Marekani walilima nyasi nyingi za nyanda zao, ukame ulipokuja miaka ya 1930 ardhi ikapaa, tarehe 14 Aprili 1935 mchana ukawa giza kwa vumbi. Mvua ilirudi baadae ndiyo, lakini kabla haijarudi walishaanza kulima kwa kontua na kupanda mikanda ya miti ya kuzuia upepo, zaidi ya miti milioni 200 mpaka 1942.

mgeni mwema:

Naombeni msaada, shamba langu lilikaa miaka mitatu bila kitu chochote, nilikuwa nalilima tu kuondoa magugu nikiamini nalipumzisha. Mwaka huu mvua safi kabisa, nimepanda kwa wakati, samadi nimeweka, mahindi yametoka lakini yamedumaa na majani yana rangi ya zambarau pembeni. Nimekata tamaa kuliko wakati wa ukame maana wakati ule nilikuwa na cha kulaumu.

BwanaShambaMstaafu:

Zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni fosforasi haifiki. Haina maana haipo. Kuna kuvu wa udongoni wanaoishi na mizizi, wanaitwa mikoriza, nyuzi zao zinakwenda mbali kuliko mzizi, zinaleta fosforasi na zinki, nao wanalipwa sukari. Ulipoacha shamba uchi miaka mitatu hawakuwa na wa kuwalipa, wakapungua. Australia wakulima wamelijua tatizo hili zamani, shamba lililopumzishwa wazi muda mrefu linatoa zao baya kuliko lililolimwa mwaka juzi. Kwa maneno mengine ulidhani unaupumzisha udongo, kumbe uliushindisha na njaa.

Halijaharibika. Hao kuvu watarudi na mizizi hiyo hiyo iliyopo sasa, weka mbolea ya fosforasi kidogo karibu na shina kama unaweza, na kuanzia sasa usiache ardhi bila mzizi hai. Hata majani ya hovyo ni afadhali kuliko uchi. Ila usipande jamii ya kabichi kutaka kuwarudisha, hizo haziwalishi.

mgeni mwema:

Ahsante sana. Yaani miaka mitatu nilikuwa najisifu shamba langu safi halina hata jani.

kichwa ngumu:

Kwenye suala la magugu. Kuna jamaa wa Michigan anaitwa Beal, mwaka 1879 alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu ili kujua zinakaa hai muda gani, wanaokuja nyuma yake wanachimbua moja baada ya miaka mingi. Ya mwaka 2021 waliichimbua usiku mwanga usizitibue, na kuna mbegu ziliota! Miaka zaidi ya 140 iko chini ya ardhi inasubiri.

Watu wakisoma hiyo wanasema ooh matumaini. Mimi nikiisoma nalia, maana gugu chawi (wengine mnaita kiduha, lile linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama) nalo lina matumaini yake. Mche mmoja unamwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu kama vumbi, zinakaa miaka kumi na zaidi, ukame hauzigusi, zinangoja harufu ya mzizi wa mahindi au mtama. Udongo ukichoka ndo linanawiri. Kwa hiyo mnaorudi mashambani kwa furaha, ukiona maua yale ya zambarau mazuri kwenye mahindi usipige picha, ng'oa kabla halijamwaga. Panda desmodiamu (ile ya malisho, jamii ya kunde) katikati ya mistari kama unaipata, mizizi yake inaziamsha mbegu za gugu chawi halafu inazinyima pa kushika.

mfugaji wa usiku:

Hahaha kichwa ngumu wewe hata kwenye harusi utaleta habari za msiba.

kichwa ngumu:

Mtu wa ukame anaangalia juu na chini. Tena nimalizie kabisa, mavuno yoyote yaliyopatikana kwenye ule ukame chambueni kabla ya kuyaweka ghalani na mapya, mahindi na karanga zilizoteseka na joto ndo zinapata sumukuvu. Na andaeni mitaro, ukame una tabia ya kuondoka kwa mafuriko. Pembe ya Afrika kuanzia mwisho wa 2020 walikosa mvua misimu mitano mfululizo, 2023 ikanyesha, na mwisho wa mwaka huo huo El Niño ikabeba nyumba za watu wale wale.

JembeButu:

Wakuu mmeniongezea vingi kuliko nilivyoleta. Naomba kila mtu akipata nafasi arudishe mrejesho, hata ukiwa mbaya.

shamba_la_bibi:

MREJESHO, samahanini nimekawia, wiki ya saba sasa.

Nilipima mbegu kama mzee alivyosema. Za mkopo themanini na nane kati ya mia, sawa. Za kwangu za kunde hamsini na moja tu, kwa hiyo nikapanda tatu tatu kwa shimo. Robo ya shamba nilipanda kunde siku ya tatu ya mvua, ilikuwa inaniwasha mikono kuacha kile kingine lakini niliacha. Mvua ikakata siku kumi na nne. Nisiwadanganye usiku nilikuwa silali, natoka na tochi kuangalia kunde. Zilisinyaa ila hazikufa, chache tu pembeni kwenye jiwe. Mvua iliporudi nikachimba, unyevu ukapita kiganja, ndo nikapanda mahindi.

Sasa nikuulize JembeButu, jirani yangu yeye alipanda mahindi yote siku ya pili na hayajafa. Zile siku kumi na nne zilimpita hivi hivi, ana udongo mzito kule bondeni. Ya kwake yamefika kiunoni, ya kwangu yanatafuta goti. Kila nikipita ananiuliza ule utaalamu wako unasemaje.

JembeButu:

Safari hii kakushinda, mpe haki yake. Mbegu alikuwa na ya kurudia?

shamba_la_bibi:

Hakuwa nayo. Aliniambia mwenyewe jana, alisema zile wiki mbili na yeye alikuwa anatoka na tochi.

Kunde zangu zimeanza maua. Mwenye hela yake kapita kaziona, hajasema kitu. Halafu kile kisiki cha pembeni ya njia nilichokuwa nataka kukichoma kimetoa machipukizi tisa, nikabakisha manne nikayafunga kitambaa chekundu kama dada alivyosema. Moja kala mbuzi wa jirani. Yamebaki matatu.